Chafya ya Kobe

Sikuiba. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia habari hii amenisikiliza kwa sura ya upole, ile sura ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba umeiba ila anakupenda hivyo hivyo. Kaka yangu mwenyewe, tumbo moja, alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli sikuiba. Nikamwambia sikuiba. Akasema basi sawa, lakini saini tu yaishe. Huyo ndiye kaka yangu.

Shangazi yetu ni mpima ardhi. Wenzake wa kazi wanamwita Mama Mipaka, na hawamwiti hivyo kwa kumdekeza. Amepima viwanja vya majirani wanaopendana na vya ndugu wasiopeana hata salamu, na akishagonga muhuri wake kwenye ramani, hao ndugu inabidi watafute kitu kingine cha kugombania. Ofisi yake ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Cha mbele kina meza yake na kabati la ramani; cha nyuma ninakaa mimi na kompyuta zangu, maana kazi yangu ni kuandika programu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo akiniita "we mtoto" mbele ya wateja, na mvi zangu hizi mbili tatu, nanyamaza.

Hesabu zake zote Shangazi alizifanya kwa kikokotoo kimoja, cha aina ambayo wapima wa rika lake karibu wote walianza nacho kazi. Walikiita Kobe. Alikuwa mzito, ana gamba la kahawia, anafikiri polepole, na ukimwangusha juu ya jiwe unamwokota bado anaendelea na hesabu yake. Kampuni iliyomtengeneza ilishaacha kumtengeneza zamani. Siku hizi inauza mashine nyembamba yenye kioo cha kugusa, na mashine hiyo haikuhesabii kitu mpaka uwe umeilipia mwaka mzima.

Halafu macho ya Shangazi yakaanza kufifia. Daktari alimwambia ukungu uliomwingia machoni hauondoki, unacheleweshwa tu. Vidole vyake vilimjua Kobe kila kitufe, angeweza kumbonyeza huku anagombana na mteja, lakini tarakimu za jibu zilikuwa ndogo kama sisimizi na hakuziona tena. Mashine mpya tuliijaribu dukani. Kioo kile laini, vidole vyake havikupata pa kushika, akawa anapapasa kama anatafuta swichi gizani. Aliirudisha kwa muuzaji. Mpima asiyeweza kusoma jibu lake mwenyewe hawezi kuligongea muhuri, na Shangazi si mtu wa kugongea muhuri kitu alichosomewa na mwingine. Njiani kurudi akaanza kuniambia ni nani angelichukua lile kabati la ramani akishafunga ofisi.

Mimi nilikasirika. Si kwa macho, macho ni mwili, mwili unachoka. Nilikasirikia kwamba mwanamke mwenye akili zake timamu anaondolewa kazini kwa sababu ya udogo wa tarakimu. Nikamwambia kabati libaki lilipo, nitamtengenezea Kobe mwingine ndani ya kompyuta.

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, maana kesi yote iko hapa. Ndani ya kikokotoo kuna chipu, na ndani ya chipu kuna programu, maandishi ya yule aliyekitengeneza, yanayokiambia ukibonyezwa hivi fanya vile. Maandishi hayo ni mali ya kampuni. Ukiyachota ukayapachika kwenye kompyuta yako, umenakili. Fundi simu wa pale chini, kijana mwerevu asiye na breki, alinishauri nifanye hivyohivyo: nimpe Kobe, afungue, anitolee kila kilichomo, kazi ya mchana mmoja. Nilikataa. Kwanza nilikuwa nimeisoma sheria ya hakimiliki mwanzo mpaka mwisho, kwa hasira, na ilisema wazi kwamba inalinda maandishi, hailindi kazi ambayo maandishi yanafanya. Nikichemsha chai ikawa tamu kama ya jirani, jirani hajaibiwa birika. Pili, Shangazi alisema atakayemfungua Kobe wake kwa bisibisi atafunguliwa yeye.

Kwa hiyo nilipita njia ndefu. Nilikaa na Shangazi pale mezani, yeye anabonyeza, mimi nasoma jibu, halafu naandika programu yangu mwenyewe, kwa akili yangu mwenyewe, mpaka itoe jibu lilelile. Jumlisha, gawanya, geuza pembe, tafuta umbali. Kitufe baada ya kitufe. Nikampangia kibodi ya vitufe vya kubonyea, mpangilio uleule wa Kobe, na jibu likatokea kwenye kioo cha kompyuta kwa tarakimu kubwa kama kiganja. Nilipomaliza nilijiona mtu.

Shangazi akaketi, akabonyeza hesabu ya kiwanja anachokijua, akatazama kioo, akaisukuma kibodi kwangu. Akasema huyu si Kobe.

Nilidhani ananitania. Jibu lilikuwa digrii thelathini kamili, na lilikuwa sahihi. Akasema anajua ni sahihi, lakini Kobe hasemi hivyo. Kobe, kwenye hesabu ile, husema digrii ishirini na tisa na dakika sitini.

Sasa, mtu yeyote aliyeangalia saa anajua dakika hazifiki sitini, zikifika zinageuka. Digrii ishirini na tisa na dakika sitini ni thelathini tu, imesemwa kinyumenyume. Ni kosa la waliomtengeneza Kobe: kukiwa kumepungua chembe ndogo isiyoonekana ili kutimia thelathini, alikuwa anakata digrii kwanza halafu anakadiria dakika kuelekea juu. Wapima wote walilijua. Waliliita chafya. "Kobe kapiga chafya," wanasema, wanaandika thelathini, maisha yanaendelea.

Nikamwambia Shangazi, mimi nimekuondolea kosa na wewe unanigombeza? Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya chooni. Chafya si uchafu. Namba ikipiga chafya, ujue imetoka kwenye hesabu ndefu, bado inaburuta mikia yake yote ya desimali. Namba safi huenda imeandikwa na mkono wa mtu, au kuna mtu kaikata mikia katikati ya safari ili alale mapema. Wanafunzi wake wa kazi wakimletea pembe safi mno, anawarudisha kiwanjani. Kazi yake yote ameifanya hivyo, anasikiliza chafya. Bila chafya, alisema, hagongi muhuri.

Nikarudi chumba cha nyuma nikiwa nimenuna, nikaifundisha programu yangu nzuri kupiga chafya. Niliandika kosa kwa makusudi, kwa mkono wangu, nikilaani. Shangazi akaijaribu, ikapiga chafya, akacheka mpaka akafuta macho. Akarudi kazini wiki ileile.

Kobe mwenyewe alikufa muda si mrefu baadaye. Lori la mawe lilirudi nyuma kiwanjani, na Kobe, ambaye Shangazi bado alimbeba kwa mazoea, alikuwa juu ya ndoo iliyokuwa nyuma ya lori. Hata gamba lile halikuweza. Shangazi alihuzunika, lakini kazi haikusimama, na wenzake walipoona hivyo nao wakaitaka programu. Nikaiweka mtandaoni bure, yeyote achukue. Sikuona sababu ya kuficha kitu nilichokitolea jasho.

Wakili wa kampuni alikuja asubuhi, mtaratibu, viatu vinang'aa, akakubali chai. Akamsifu Shangazi kwa jina lake la kazi, akauliza habari za macho, kumbe alikwisha kuulizia watu. Alipoweka kikombe chini ndipo akasema kwamba programu yetu ni mali ya wizi. Alisema hivyo kwa upole kabisa, na akaongeza kuwa ana ushahidi: mtaalamu wa kampuni ameijaribu, na inapiga chafya. Hakuna mtu duniani, alisema, anayeandika programu mpya akaandika na kosa la mwenzake. Likiwepo kosa lilelile, basi kimechotwa kitu kilekile.

Kisha akauma na kupuliza. Kampuni haitaki makuu. Nisaini kwamba nilinakili bila kujua, programu ifutwe kila mahali, na Shangazi atapewa mashine mpya pamoja na mtu wa kumfundisha. Nisiposaini, tutakutana ofisi ya hakimiliki mbele ya msuluhishi, na kampuni itaomba pia ramani zote zilizopimwa kwa programu ile zizuiwe. Ramani hizo zilikuwa na muhuri wa Shangazi. Wakili hakuhitaji kuongeza kitu hapo, na hakuongeza.

Akashuka ngazi. Kaka akaja jioni ile na hekima zake za saini yaishe. Alisema mimi na kampuni ile ni sawa na kuku kumkoromea tingatinga. Alisema neno tu kwenye karatasi, nani atalikumbuka. Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa, mke wake huenda akasoma. Lakini alipoondoka nilimwambia Shangazi ukweli: nikiiondoa ile chafya, mistari michache tu, huenda wakatuacha. Ushahidi wao wote ni ile chafya. Tungepumua.

Shangazi alikuwa anapanga ramani kwa kugusa kingo zake. Hakugeuka.

"Ukiiondoa watasema nini?" akasema. "Watasema mwizi kasikia hodi kafuta nyayo. Na mimi nitabaki na mashine isiyosema kweli yote. We mtoto, uliiba?"

"Sikuiba, Shangazi."

"Basi mbona unataka kujificha?"

Ndipo tukapiga moyo konde, tukaacha kila kitu kama kilivyo. Ofisi ya hakimiliki ikatuma mtu achukue kompyuta yetu moja na kibodi yake, vikafungwa kwenye mfuko wenye lakiri, vikapelekwa kwa mtaalamu wa kampuni avipime. Shangazi akasimamisha kazi mpya, maana alisema hatapima cha mtu kwa chombo kinachoshtakiwa. Siku zile alikuja ofisini hivyohivyo, akafungua dirisha, akaketi mikono juu ya meza. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza kama ile mikono isiyo na kazi.

Chumba cha usuluhishi kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea: meza ndefu, feni inayolalamika, birika la maji lisilo na glasi za kutosha. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusikiliza, na pembeni yake karani wa kuandika. Upande wa pili alikaa wakili, na karibu yake mtaalamu wa kampuni, mwanamume mwembamba aliyeonekana kutopenda kuwa mahali penye watu. Mbele yao, ndani ya boksi lake jipya kabisa, alikuwepo Kobe. Walimtoa ghalani kwao kwa ajili ya kesi. Shangazi alimsikia anawekwa mezani na akageuza kichwa, namna unavyogeuka ukisikia sauti ya mtu wa kwenu ugenini.

Wakili alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mtaalamu akathibitisha: amebonyeza hesabu nyingi mno pande zote mbili, za pembe, za umbali, za eneo, na majibu ni mamoja hadi tarakimu ya mwisho, na chafya zinatokea palepale. Wakili akamgeukia msuluhishi akasema maneno ambayo bado nayasikia: binti huyu ama ni mwizi, ama ni mtu wa kwanza katika historia ya hesabu kujitungia kosa makusudi.

Nikaeleza kwamba ndiyo, nilijitungia kosa makusudi, na kwa nini. Nilieleza habari ya mikia na namba safi. Nilipokuwa naeleza nilijisikia mwenyewe jinsi inavyosikika, na nikaona msuluhishi amevaa miwani tena. Aliuliza kama nina namna yoyote ya kuonyesha. Ushahidi wangu wa kweli ulikuwa Kobe wetu, ambaye hakuwahi kufunguliwa, na Kobe wetu alikuwa bapa chini ya lori la mawe. Wakili akatabasamu kidogo akitazama chini.

Mori ulinipanda hapo. Kwa hasira, si kwa akili, nilimgeukia mtaalamu nikamuuliza hesabu alizozijaribu alizitoa wapi. Akasema kwenye mazoezi ya wapima, ndiyo matumizi ya chombo. Zote? Zote. Nikamuuliza kama kuna hata moja yenye pembe hasi, pembe iliyo chini ya sifuri. Akapekua karatasi zake. Akasema hapana, wapima hawatumii pembe hasi.

Ni kweli, hawatumii. Wanahesabu kuzunguka kutoka kaskazini mpaka kurudi kaskazini, duara zima, na kwenye ofisi ya Shangazi pembe hasi ni sawa na kuingia na viatu vya matope. Hajawahi kumbonyezea Kobe pembe hasi. Na kwa sababu hajawahi, mimi sikuwahi kuiona, na nilipoandika programu yangu sikuifikiria kabisa.

Nikaomba ijaribiwe. Hapohapo, pembe hasi, kwenye vyombo vyote viwili.

Msuluhishi akavua miwani. Akaniuliza, "Unajua programu yako itatoa nini?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Na cha kampuni?"

"Hicho pia sijui. Sijawahi kukiuliza. Ningekuwa nimechota yaliyomo ndani yake ningejua bila wasiwasi kwamba majibu yatalingana, kwa sababu ingekuwa ni kitu kilekile. Mimi nimenakili macho yangu tu. Pale ambapo sikutazama, hakuna nilichonakili. Kama majibu yatalingana, andika nilichoshtakiwa nacho, nitasaini."

Nilisikia kaka yangu, kule kwenye viti vya nyuma, akivuta pumzi. Mimi pia nilikuwa roho juu. Nilikuwa nimeweka mezani kazi ya Shangazi, macho yake, kabati lake, na nilikuwa sina hakika hata chembe.

Lakiri ikakatwa, kompyuta ikawashwa. Ikahitajika mtu wa kubonyeza. Mtaalamu alinyoosha mkono, Shangazi akasema la, atabonyeza yeye, vyote viwili ni Kobe, na inajulikana nani anamjua Kobe. Msuluhishi akakubali. Akasema ichukuliwe namba rahisi ambayo kila mtu mle ndani anajua jibu lake: hasi kumi na mbili na nusu, igeuzwe kuwa digrii na dakika. Digrii moja ina dakika sitini, nusu yake thelathini. Jibu ni hasi digrii kumi na mbili, dakika thelathini, hata mtoto wa shule angelisema.

Shangazi akaguna. "Hasi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa panya ashike. "Uzee huu."

Akaanza na Kobe wa kampuni. Vidole vyake vilipita juu ya vitufe mara moja, kwa kumsalimia, halafu vikabonyeza. Kobe akafikiri kama kawaida yake. Shangazi hakuweza kusoma jibu, kwa hiyo msuluhishi akamwambia wakili asome kwa sauti. Wakili akainama juu ya kioo kile kidogo. Akasoma hasi digrii kumi na mbili, dakika thelathini.

Kisha Shangazi akahamia kwenye kibodi yetu. Namba ileile, kitufe kilekile cha kugeuza. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimemwelekea yeye, tarakimu kubwa kama kiganja, na alizisoma mwenyewe bila kuombwa.

"Hasi digrii kumi na tatu," akasema. Akasita. "Dakika thelathini."

Digrii nzima. Mpima akikosea digrii nzima nyumba ya mtu inaangukia barabarani. Nilielewa palepale nilichokifanya: nilikuwa nimeiambia programu ikate pembe ishuke mpaka digrii kamili iliyo chini yake, na juu ya sifuri hiyo ni sawa kabisa, lakini chini ya sifuri, iliyo chini ya hasi kumi na mbili na nusu ni hasi kumi na tatu. Kosa la mtu anayejifunza. Masikio yaliniwaka moto, na wakati huohuo nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na sijui mtu anaitwaje anayesikia vyote viwili.

Msuluhishi akamuuliza mtaalamu: kama binti huyu angekuwa amechota programu ya ndani ya kikokotoo, jibu hili lingetokeaje? Mtaalamu alitazama kioo chetu kwa muda mrefu, na nilimwona anaelewa kosa lenyewe, hatua kwa hatua, kama mimi. Akasema lisingetokea. Akasema maandishi ya kampuni hayahesabu hivyo. Mtu aliyeandika hivi hajawahi kuyaona.

Wakili hakuwa mtu wa kufa kirahisi. Akasema labda nililipachika kosa hilo baadaye, kwa ujanja. Mtaalamu akamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba tangu ilipochukuliwa kompyuta haijatoka ofisini kwao, na alipomaliza kuipima aliirudisha mwenyewe kwenye mfuko wa lakiri. Basi wakili akageuza upepo. Akasema vyema, na iwe si nakala, lakini basi kila mtu ajue kwamba chombo hiki ni kibovu. Alimtazama Shangazi aliposema hivyo. Akasema kwa wema kabisa kwamba kampuni haina haja ya kumwaibisha mama huyu. Jambo la pembe hasi si lazima liingie kwenye uamuzi, linaweza kuandikwa tu kuwa pande mbili zimeelewana, kila mmoja aende kwake. Kaka yangu kule nyuma alikuwa anatikisa kichwa kukubali kama mjusi ukutani.

Msuluhishi akasema uamuzi wake hautategemea maelewano. Akamwamuru karani aandike: programu imeandikwa upya na mlalamikiwa, si nakala, mpangilio wa vitufe na majibu ya hesabu si maandishi ya mtu, madai yametupwa, ramani zisiguswe. Nikashika ukingo wa meza. Kisha akamgeukia Shangazi akamwambia, kuhusu hilo la pembe hasi, anaweza kuliacha nje kama mama anapenda, maana halidhuru kazi yoyote iliyopimwa. Alikuwa anamhurumia.

Mimi nilikuwa tayari kusema liachwe. Wapima wote wa rika lake wangesoma uamuzi ule. Shangazi akaniwekea mkono juu ya goti, chini ya meza, kwa nguvu kiasi cha kuniuma.

"Liandikwe," akasema.

Wakili akamwambia mama, utaumia mwenyewe, watu watacheka.

"Wacheke. Huyu mtoto atalirekebisha leo, na wakicheka watakuwa wanacheka jambo la jana." Alikuwa hamtazami wakili, alikuwa anatazama palipo na sauti ya karani anayeandika. "Tangu uje ukanywa chai yangu nimeitwa mtu wa kutumia vitu vya watu. Hesabu za watu, akili za watu. Nimekaa mikono mitupu nasubiri kuambiwa kama kuna chochote kwenye meza yangu kilicho changu. Sasa kimepatikana. Hilo kosa halikutoka ghalani kwenu, hakuna wa kulidai. Andika, baba, kwamba ni letu. Andika na namba zake."

Karani akamtazama msuluhishi. Msuluhishi akavaa miwani yake, akavuta kiti karibu na meza, akamsomea taratibu ili asikosee: hasi digrii kumi na tatu, dakika thelathini, kosa la mlalamikiwa mwenyewe. Karani akaandika. Shangazi akaomba asomewe tena.